Mashine kuchukua kazi zote? Mimi nakujibu kwa mawese

Mkuu, umeuliza kama ni lazima ifike siku mashine zifanye kazi zote, na ikifika sisi watu tutaishije. Wengi wamekutajia maroboti ya China na Marekani. Mimi niko Kigoma vijijini na mkate wangu unatoka kwenye chikichi, basi nakujibu kwa mawese.

Zamani kwetu chikichi zilichemshwa kwenye pipa, zikatwangwa, kisha akina mama wakakamua kwa nguvu zao. Malipo yalikuwa mafuta yenyewe. Mama anaondoka na chupa zake, jioni anauza, mtoto anapata daftari. Ikaja mashine ya injini ya dizeli. Mwenye mtaji akaifunga, vijana wawili wakaiendesha, kazi ya kutwa ikawa inaisha kabla ya adhuhuri. Ghafla kukamua kukawa kazi ya wanaume (penye injini na hela huwa hatukosekani). Akina mama hawakukaa bure, maana mzigo uliongezeka wakahitajika kuchambua chikichi na kupasua mise, yaani kokwa za chikichi. Ila sasa wanalipwa kwa debe, na bei ya debe anaipanga mwenye mashine.

Hilo la kazi "zote" silioni. Tazama juu ya mchikichi: anayeangua mkungu ni mkwezi na panga lake. Hata Malaysia, wenye viwanda vikubwa vya mawese, sehemu kubwa ya uvunaji bado ni mikono ya watu na mundu uliofungwa kwenye ufito mrefu, na wavunaji wengi ni wageni kutoka Indonesia na Bangladesh. Korona ilipofunga mipaka, matunda yalioza mashambani kwa kukosa watu, na nchi ile haina uhaba wa pesa wala wahandisi. Lakini ChatGPT, programu ya kompyuta iliyotoka Novemba 2022, inakuandikia barua ya maombi ya kazi kabla chai haijapoa. Karani mwenye tai ana sababu ya kuhofu kuliko mkwezi.

Na hilo la "lazima"? Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Kabla yake mizigo ya pwani na bara ilikwenda mabegani mwa wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kazi hiyo. Treni iliua upagazi wa safari ndefu, sibishi. Lakini Wanyamwezi kuishia manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mkonge wa Tanga halikuwa jambo la injini peke yake. Wakoloni walidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya walowezi. Hiyo iliamuliwa na watu, ofisini.

Na tutaishije? Kijiji jirani akina mama wa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, walichanga wakanunua mashine yao. Wanakamua chikichi zao, na wanaume wanapeleka za kwao pale na kulipia. Mashine ni aina ileile ya kijijini kwetu. Dizeli ikipanda wanasuasua, spea ni shida, na kuna msimu waligombania hesabu hadi mwenyekiti wa kijiji akaitwa. Lakini bei ya debe la kuchambua wanaipanga wao, na iko juu kuliko ya huku kwetu. Wachambuaji wetu wameshaanza kuhamia kule.