Petroli chini ya ngazi

Wiki hii msomaji wa Shela, kisiwani Lamu, ameniandikia: "Tangu mafuriko ya 2023 yakate barabara ya Garsen nimepata somo. Nina madumu 3 ya petroli, ya lita 20 kila moja, chini ya ngazi. Yatakaa mpaka lini bila kuharibika?"

Swali lako nitalijibu, ndugu yangu, lakini kwanza yatoe hapo. Leo, kabla ya magharibi, kabla chetezo hakijatiwa makaa.

Kinachoshika moto ni mvuke wa petroli, nao hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la kaskazi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Haupandi ukaenda zake. Unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, unashuka vidato, unatuama penye kina. Robo lita tu, kikombe kimoja cha chai, ikikauka ndani ya chumba kilichofungwa inatosha kuifanya hewa ya mita 3 za ujazo ilipuke. Pima kistoo chako cha chini ya ngazi uone kama kinazidi hapo. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na kiwanda, yaani ua wa ndani, kilichozungukwa pande zote: upepo unapita juu, chini hewa imelala. Anayefukiza udi chumba kwa chumba hana haja ya kuligusa dumu. Hata swichi ya taa, hata friji linapojiwasha, hutoa cheche.

Darini pia hapana. Jiko liko huko, makuti yako huko, na paa la jirani liko ng'ambo ya kichochoro tu.

Mahali pake ni nje: kasha au kibanda chenye kivuli na kufuli, hatua 20 kutoka kwenye moto wowote, chenye matundu usawa wa ardhi. Matundu ya juu peke yake hayasaidii kitu, kwa sababu mvuke uko chini. Lipandishe dumu juu ya vipande viwili vya boriti, kwa maana dumu la bati huanza kuoza kitakoni kwa unyevu wa chumvi, na hutaona kutu mpaka siku utakapoliinua. Huna uwanja? Basi usiweke petroli, nunua taa za sola. Najua wengi hamlipendi jibu hili, na kila nikilitoa naambiwa nawatisha watu.

Kuhusu kiasi, watu huweka kwa hofu, hawaweki kwa hesabu. Jenereta ndogo ya kilowati 2 ikibeba friji na taa hula karibu lita 1 kwa saa. Saa 4 kwa siku, kwa siku 5, ni lita 20. Mashine ya boti ya nguvu farasi 15 ikikimbizwa hadi mwisho hula lita 6 au 7 kwa saa, kwa hiyo lita 20 ni mwendo wa karibu saa 3, kwenda na kurudi. Nyumba ya kawaida inatosheka na dumu moja. Mwenye boti, mawili. Anayejaza madumu kila tarehe 14 kabla EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, haijatangaza bei, huyo anafanya biashara, asiseme ni dharura.

Sasa dumu lenyewe. Dumu la njano lililokuwa la mafuta ya kupikia, litazame baada ya wiki tatu za joto: tumbo limevimba, ubavu unabonyea kwa kidole, na ukisogeza pua kwenye kifuniko unaipata harufu, kwa kuwa hakina mpira wa kukaza. Tafuta dumu lililotengenezewa mafuta ya gari, la bati au plastiki nene, lenye mpira kwenye kifuniko. La lita 20 litie lita 19. Joto likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 40, lita 20 huongezeka karibu lita 0.3, na zisipopata nafasi zitajitafutia. Tarehe usiiandike kwa kalamu ya wino, tone moja la petroli linaifuta. Funga kibati kwenye mkono wa dumu, uikwaruze kwa msumari.

Pale sheli, litoe dumu chomboni au kwenye mkokoteni uliweke chini, mdomo wa bomba uguse mdomo wa dumu, ujaze polepole. Likijazwa juu ya faiba au plastiki, umeme tuli hukosa pa kushukia na huweza kuruka kama cheche.

Tuje kwenye swali la ndugu yetu. Dumu lililojaa, limekazwa, liko kivulini: miezi 6. Kwa joto letu mimi ningehesabu 3, halafu niimimine kwenye boti au pikipiki na kununua mpya. Lililo nusu huharibika upesi zaidi, kwani hewa iliyomo ina unyevu, na maji yakijikusanya hukaa chini ya petroli, pale pale mashine inapovuta. Petroli iliyokufa ina rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi. Huacha utomvu unaoziba jeti ya kabureta, na mashine itawaka ikazima, itawaka ikazima. Oili ya tuu-stroku changanya siku ya kutumia: kwa 50 kwa 1, ni mililita 400 kwa lita 20.

Usinyonye mpira kwa mdomo, nunua pampu ya mkono. Petroli ikiingia mapafuni ni hatari kuliko ikiingia tumboni. Ndiyo maana mtoto akiinywa hatapishwi, wala hapewi maziwa ili atapike, anapelekwa hospitali moja kwa moja.

Karibu na kasha, lakini si ndani yake, weka ndoo mbili za mchanga mkavu na kizima-moto cha poda cha kilo 6. Maji yaache, petroli huelea juu yake na moto unasafiri nao. Na ile iliyoharibika usiimwage mtaroni. Mitaro ya mjini inapita chini ya kuta za watu kabla ya kufika baharini, na kuna anayepika hapo kando. Mpe fundi wa mashine aoshee vyuma.