Baba Anasema Uache Moja? Usiache

Wiki jana msomaji wa mwaka wa pili aliniandikia: "Kaka, mchana nasoma digrii ya sanaa, nimejikita kwenye kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu. Jioni nasoma diploma ya uanahabari. Baba anasema niache moja. Niache ipi?"

Mdogo wangu, usiache hata moja. Najua unavyochoka. Najua pia maneno ya watu. Mimi mjomba aliniuliza mbele ya wageni, "Sasa wewe utakuwa polisi au mtangazaji?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Sijasahau.

Karo na matatu za usiku tuziache. Nikueleze kosa langu.

Habari yangu ya kwanza ya mahakama niliitoa korti ya Makadara, Nairobi. Kijana alisimama kizimbani, kandambili mguu mmoja, mwingine mtupu, ameshtakiwa kuiba mtungi wa gesi. Alikana. Mimi nikaandika "Mwizi wa mtungi", kwa sababu "mshtakiwa" lilikuwa neno refu kwenye kichwa cha habari! Kesi ikaja kuondolewa. Mamake akapata nambari yangu. Hakunitukana, aliuliza tu, "Hilo 'mwizi' utalifuta na nini?"

Muhula huohuo darasani tulikuwa na Howard Becker, yule mwanasosholojia Mmarekani aliyeandika mwaka wa 1963 kwamba ukiukaji wa kanuni za jamii si sifa ya kitendo chenyewe, bali ni jina ambalo jamii humbandika mtu. Nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani, na huku kalamu yangu ndiyo iliyokuwa ikibandika.

Kwa hiyo soma vyote viwili, na visomee pamoja. Mshukiwa si mshtakiwa, mshtakiwa si mfungwa. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinasema mtu hana hatia hadi ithibitishwe. Na ukipewa hati ya mashtaka, usikimbilie kosa. Tazama kwanza tarehe ya kukamatwa. Kifungu cha 49 kinataka mtu afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kikao zikiishia nje ya saa za korti. Mimi niliona kwenye karatasi moja kwamba mtu alikamatwa Jumatatu, akafikishwa kortini Alhamisi, wenzangu wote wakiwa wanapiga picha pingu.

Habari hiyo ilitoka ukurasa wa mbele mwaka huu. Mhariri aliondoa jina langu, akaweka "Na Mwandishi Wetu". Iliniuma, tena sana.

Mjomba amelikata gazeti lile na kulibandika sebuleni. Juu ya "Mwandishi Wetu" ameandika jina langu kwa biro nyekundu.