Maswali na majibu: kurekodi muziki wa jukwaani usiku kucha

Narekodi bendi ya dansi kuanzia saa nne usiku hadi saa nane. Nyimbo za mwanzo zinatoka safi, ila wakifika kwenye chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, sauti inapasuka. Nitege wapi geni, yaani kiwango cha sauti inayoingia kwenye kinasa? (Dar es Salaam)

Umetega kwa sauti ya majaribio, na wanamuziki wakijaribu vyombo hawapigi kwa nguvu za saa saba usiku. Kabla ukumbi haujajaa, waombe wakupigie chemko la wimbo wao mkali kuliko zote, tarumbeta na ngoma zote ziwemo. Hapo ndipo utege, vilele, yaani sauti inapokuwa kubwa kabisa, visivuke hasi 12 kwenye kipimo cha desibeli. Mstari utaonekana mdogo na utatamani kuongeza. Usiongeze! Sifuri ni ukuta: sauti iliyogonga pale imekatwa kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Iliyorekodiwa ndogo kwa biti 24 (kiwango cha ubora unachochagua kwenye kinasa) utaipandisha kesho yake bila taabu, maana biti 24 kinadharia zina nafasi ya desibeli 144 hivi, na biti 16 zina 96.

Tena angalia waya wako umetoka wapi. Usiku ukikolea, fundi mitambo huongeza sauti ya ukumbi kwa sababu watu wamejaa na wanapiga kelele. Ukichukua kwenye njia kuu ya mikisa, mashine yake ya kuchanganyia sauti, rekodi yako inapanda pamoja naye. Mwombe njia ya pembeni isiyofuata kitelezi kikuu, kile anachopandishia sauti ya ukumbi. Ikilazimu kupunguza, subiri wimbo uishe. Geni ikiguswa katikati ya solo la gitaa itasikika, na solo lile halipigwi mara mbili.

Kwenye taarab ya harusi nimechomeka waya wa mikisa kwenye kinasa sauti. Nimeshusha geni mpaka mwisho, bado inakwaruza. (Unguja)

Bila shaka umeingilia tundu la maiki. Sauti ya mikisa ina nguvu mara nyingi kuliko ya maiki, kwa hiyo inaweza kuharibika kabla hata haijafika kwenye kitufe unachoshusha. Tumia tundu la laini, lile la sauti yenye nguvu kama ya mikisa, au chagua laini kwenye menyu. Kama kifaa chako hakina, mwombe fundi apunguze kule kule anakokutolea.

Nakuomba pia uweke maiki mbili ukumbini. Waya wa mikisa hauchukui vigelegele wala shangwe za wanaokwenda kutunza, na mimi taarab isiyo na hivyo naiona nusu.

Narekodi kwa simu. Kila ngoma ikipigwa, sauti ya mwimbaji inazama. (Mombasa)

Simu inajirekebishia sauti yenyewe: ngoma ikilia inashusha kila kitu, pakitulia inapandisha. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima hilo na kutega kwa mkono, kisha usogee mbali na spika.

Nilirekodi onyesho lenye urefu wa saa tano, faili limeishia katikati. (Arusha)

Faili la kawaida la WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa, halizidi gigabaiti 4. Ukichagua kwenye kinasa biti 24, kilohezi 48 (vipimo vya sauti 48,000 kwa sekunde) na njia mbili, kushoto na kulia, unatumia takriban gigabaiti 1 kwa saa, hivyo ukomo unafika baada ya saa nne na dakika chache. Vinasa vingi huanza faili jipya vyenyewe, vingine husimama. Jaribu kinasa chako nyumbani. Ukumbini, bendi ikipumzika, funga faili na uanze jingine, ubadilishe na betri papo hapo.