Tableti ya mtoto: anza na chaja

Pole mama. Mwanao wa miaka 7 kaletewa tableti na mjomba, sasa halali, ukiichukua ni kilio, na umesema kuna mtu anamwomba picha kwenye mchezo wa humo. Kwangu dawa ilikuwa chaja: niliihamishia sebuleni, saa 2 usiku vifaa vyote vinalala huko, na simu yangu pia (hapo ndipo palipouma). Mwambie dakika 10 kabla, usimpokonye ghafla. Family Link, programu ya Google ya wazazi, ni ya bure; kama tableti ni ya Android, itakufungia kifaa saa unazopanga.

Ila huyo mtu anayemwomba picha kwenye mchezo ndiye wa kuogopa. Usifute ujumbe wake. Upige picha ya skrini, umzuie, kisha piga 116, simu ya watoto, bure Tanzania na Kenya. Mtoto usimgombeze, asije akaficha siku nyingine.