Maswali ya Wasomaji: Kijito, Chemchemi na Bwawa Shambani

Barua za mabondeni zimetujia nyingi msimu huu. Tumechukua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lake ndilo linaloua mabwawa mengi.

Swali: Shikamooni wataalamu. Nina ekari tatu huku Mufindi na kijito kinapita katikati, hakikauki hata Oktoba. Nimekiziba mara mbili kwa ukuta wa udongo nipate bwawa la perege, na mara zote mbili mvua za Februari zimeubeba ukuta. Sasa niweke saruji? – *Msomaji, Mufindi*

Jibu: Marahaba. Hela ya saruji itunze kwanza. Tatizo lako ni mahali ulipojenga. Ukuta wa udongo hauvumilii maji kupita juu yake. Yakifurika hata kimo cha kiganja, huanza kuula upande wa nje, kipande kwa kipande, yakirudi nyuma hadi ukuta unakatika. Na hata ungesimama, mafuriko yangelijaza bwawa mchanga na kuondoka na samaki. Kiache kijito kipite. Bwawa likae kando, nawe ulipelekee maji kwa mfereji mdogo unaoweza kuufunga mvua ikichachamaa.

Kabla ya kushika jembe, nenda ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa uombe kibali cha kutumia maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakutaka uwe nacho ukichepusha au kukusanya maji ya kijito, hata kama kinapita kwenye shamba lako. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo bwawa lisogeze nje ya hapo, na mahali pa kuchepushia maji ya kijito wakuoneshe watu wa Bodi.

Kisha pima maji, na pima Oktoba, si Machi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40 kwenye mfereji wako, unapata nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Bwawa la mita 20 kwa 15, lenye kina cha wastani cha mita 1, linabeba lita 300,000. Litajaa kwa takribani wiki moja. Likishajaa unafidia tu kinachopotea kwa jua na kunywewa na udongo. Likishuka sentimita 1 kwa siku, hizo ni lita 3,000. Maji mengine yote yabaki kijitoni, jirani wa chini naye ana vinyungu vyake, yaani bustani za bondeni.

Mfereji ushuke sentimita 20 hadi 30 kwa kila mita 100. Ukishuka zaidi utachimbika wenyewe, ukishuka pungufu utajaa tope. Tumia ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao waashi hupimia usawa. Kunyanyua maji yaingie mfereji, panga mawe kukatiza kijito, kimo cha sentimita 30 tu. Ncha zote mbili zizame nusu mita ndani ya kingo, katikati pawe chini kuliko pembeni, na tandika mawe mengine mbele maji yanapoangukia. Ukipasahau hapo katikati, maji yatazunguka pembeni na kula ukingo.

Sasa ukuta wa bwawa. Ondoa nyasi na udongo mweusi wa juu, sentimita 20 hadi 30, kwenye eneo lote utakapokaa. Ukiuacha, mizizi itaoza na kuacha vinjia. Chini ya mstari wa katikati chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 hadi ufikie mfinyanzi, uujaze mfinyanzi huohuo ulioshindiliwa. Panda juu kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata. Udongo uwe na unyevu wa kufinyangika bila kugandia mikono. Juu pabaki upana wa mita 1. Mteremko, ndani na nje, uwe mita 2 za kwenda kwa kila mita 1 ya kupanda, hivyo ukuta wa kimo cha mita 1.5 unahitaji mita 7 chini. Hapo wengi hushtuka wakapunguza, kisha wakashangaa unamomonyoka. Acha sentimita 40 kati ya maji na ukingo wa juu, na zidisha sentimita 10 kwa kila mita ya kimo, maana udongo utashuka.

Bomba la kukaushia, PVC ya inchi 4, lilale sehemu ya chini kabisa kabla ukuta haujapandishwa. Ndani ya bwawa lifunge kiwiko na kipande kinachosimama hadi usawa wa maji unaoutaka: kikisimama kinatoa yanayozidi, ukikilaza bwawa linakauka. Mdomo uvishe wavu. Katikati ya ukuta, zungushia bomba zege la mraba wa sentimita 60, kama sahani iliyotobolewa. Maji hupenda kufuata mgongo laini wa bomba, na sahani hiyo ndiyo inayoyakatia njia. Juu ya ukuta panda nyasi. Usipande miti wala migomba.

Swali: Bwawa langu la mita za mraba 200 linashuka sentimita 6 kila siku. Jirani ananiambia ni jua. – *Msomaji, Mvomero*

Jibu: Sentimita 6 ni lita 12,000 kwa siku. Jua haliwezi hivyo. Kuhakikisha, simamisha ndoo ndani ya bwawa, itie maji hadi usawa sawa na wa nje, piga alama pande zote mbili, angalia kesho saa ileile. Kilichopungua ndani ya ndoo ni cha jua, na tofauti yake na nje ni uvujaji.

Zunguka nje ya ukuta kwa miguu. Ukikuta maji yanachuruzika yakiwa meupe, una muda. Yakitoka na tope, ujue udongo wa ndani unasombwa: shusha maji siku hiyohiyo. Tafuta pia matundu ya kaa. Hufukuliwa mpaka mwisho wake na kujazwa mfinyanzi, kwani ukiziba mlango tu atafungua mwingine.

Ikiwa ni sakafu inayokunywa, kausha bwawa, utandaze mfinyanzi sentimita 20 kwa tabaka mbili, kisha uulowanishe na kuukanyagisha ng'ombe. Njia nyingine ya bei nafuu: tandaza samadi, funika kwa majani ya migomba, kisha tabaka la udongo, shindilia, na uache wiki mbili hadi tatu kabla ya kujaza. Vikioza huziba vitundu vya udongo. Kwenye mchanga mtupu usihangaike nayo, nunua karatasi nene ya plastiki ya kutandika bwawa.

Swali: Chemchemi yetu Njombe inapungua mwaka hadi mwaka. Juu yake, hatua kama kumi na tano, mzee alipanda mikaratusi. Nikichimba jicho la chemchemi liwe kubwa, maji yataongezeka? – *Msomaji, Njombe*

Jibu: Usichimbe jicho. Ukilishusha unaweza kulipotezea njia, na ukijenga kizuizi kinachoinua maji juu ya usawa wake wa asili, yatatafuta pa kutokea pengine, nawe hutayaona tena.

Anza na mikaratusi. Kata, lakini usiing'oe visiki, maana kwenye mteremko udongo utakuja chini. Menya gamba la kisiki hadi chini ya usawa wa udongo, kifukie, na kila baada ya miezi miwili pita uvunje machipukizi. Mahali pake panda mivengi, mizambarau na mikuyu kwa nafasi ya mita 4 hadi 5. Zungushia uzio, ng'ombe wanyweshwe kwenye hori nje ya uzio kwa bomba. Shamba la juu likate makinga maji yanayofuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, ili mvua inywewe mlimani badala ya kukimbia. Usitarajie muujiza mwaka wa kwanza. Pima kwa ndoo kila Oktoba, andika.

Swali: Samaki wangu hupanda juu alfajiri na kuhema midomo nje. Saa nne asubuhi wako sawa. Na je, bwawa halituletei malaria? – *Msomaji, Songea*

Jibu: Wanakosa hewa. Usiku ule ukijani wa maji huacha kutengeneza oksijeni, nao pia huitumia. Ukizidisha samadi na chakula, kufika alfajiri imekwisha. Acha vyote viwili, ingiza maji mapya yakidondoka kutoka juu, punguza ya sakafuni. Kisha zamisha mkono. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, rutuba imezidi. Kikionekana hata maji yakifika begani, imepungua.

Kuhusu mbu, hutagia penye utulivu na majani. Fyeka nyasi za ukingoni zinazogusa maji, usiruhusu kina cha chini ya nusu mita, na perege watakula viluwiluwi vilivyobaki. Kagua zaidi nyayo za ng'ombe na madimbwi nje ya ukuta, kwani huko samaki hawafiki.