Nyongo, Bakteria na Seli za Utumbo: Majibu kwa Wasomaji

Daktari, shuleni tulifundishwa kwamba nyongo husaidia kumeng'enya mafuta. Inahusianaje na ukuaji wa seli? (Msomaji, Kayole)

Mlichofundishwa ni sahihi, ila nyongo ina kazi nyingine pia. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, na zikishamaliza kazi yake kwenye mafuta, takriban asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurejea kwenye ini. Zikiwa njiani hunasa kwenye vipokezi vya seli za utumbo, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, kimojawapo kikiitwa TGR5. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, kazi inayofanywa na seli shina, yaani seli zinazozalisha seli nyingine mpya, zilizo kwenye vishimo vidogo vya utando huo. Utafiti uliofanyiwa panya na kuchapishwa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba asidi za nyongo, kupitia TGR5, huzichochea seli shina hizo kuukarabati utando uliojeruhiwa.

Bakteria wanaingia wapi? Na je, ninachokula kina maana yoyote? (Msomaji, Kasarani)

Kina maana kubwa, na ningependa kila msomaji alizingatie jibu hili. Asidi chache ambazo hazikufyonzwa huingia katika utumbo mpana, ambako bakteria huzigeuza kuwa asidi za aina ya pili, hasa asidi ya deoksikoliki, ambayo ikizidi kwa muda mrefu huweza kudhuru DNA ya seli na kuzisukuma zigawanyike kupita kiasi. Ndiyo sababu inahusishwa na saratani ya utumbo mpana.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, Wamarekani weusi 20 na wakazi 20 wa mashambani nchini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipopewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, asidi za aina ya pili zilipungua kwa asilimia 70 na seli za utumbo wao zikapunguza kasi ya kugawanyika. Kwa Waafrika Kusini waliopewa nyama na mafuta mengi, asidi hizo ziliongezeka kwa asilimia 400 na seli zikaongeza kasi. Yote hayo katika wiki mbili!

Kwa hiyo huniuma kusikia githeri ikidharauliwa kuwa chakula cha bweni, huku chipsi na soseji zikigeuzwa mlo wa kila jioni. Nyuzinyuzi za maharagwe na mahindi huchachushwa na bakteria na kutoa butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli za utumbo mpana.

Nilitolewa mfuko wa nyongo. Je, utumbo wangu utakosa asidi hizi? (Msomaji, Lang'ata)

La. Ini huendelea kuzitengeneza, ila sasa hutiririka moja kwa moja hadi utumboni bila kuhifadhiwa. Ukiharisha kwa muda mrefu, mwone daktari, kwa kuwa zipo dawa za kuzishika asidi zinazozidi.

Wazee wetu huchukua nyongo ya mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko na kuinywa ili kusafisha tumbo. Nami niinywe? (Msomaji, Huruma)

Wazee wetu tunawaheshimu, lakini hapa nakushauri usiinywe. Mwili wako tayari huzungusha asidi zake mara kadhaa kwa siku, kwa kipimo unachokidhibiti wenyewe, na kuziongeza kiholela huweza kuukera utando wa utumbo na kukuletea kuhara. Ya samaki ni hatari zaidi: nyongo ya baadhi ya samaki imewahi kuharibu figo na ini za walioinywa.