Maswali na Majibu: Projekta Isiyoonekana, Betri Inayozima na Simu Moja kwa Watoto 80

Shule yetu imenunua projekta ndogo iliyoandikwa lumeni 9,000. Picha haionekani mpaka jioni. Tatizo ni ukuta? (Mwalimu, Mafinga)

Ukuta hauna kosa. Lumeni ni kipimo cha mwanga, na hiyo 9,000 ni namba ya kuuzia. Dukani ulizeni lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kipimo rasmi. Projekta nyingi ndogo za bei poa hazifiki hata 300, na darasa lenye madirisha pande mbili linataka 3,000 kwenda juu. Tena ijaribiwe mchana, mlango ukiwa wazi, kabla hela haijatoka mfukoni.

Kwa kuwa imeshatoka, zibeni madirisha ya upande wa ubao kwa nailoni nyeusi na sogezeni projekta mpaka picha iwe na upana wa mita 1.5. Msiikuze: upana ukiongezeka mara mbili, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne. Mtoto wa nyuma asikae mbali zaidi ya mita 5, kwa hiyo watoto waingie kwa zamu, nusu kwa nusu. Mistari sita kwa ukurasa, herufi saizi 36. Mwalimu anayebandika ukurasa mzima wa kitabu ukutani angewaachia watoto kitabu chenyewe.

Programu gani nzuri ya kufundishia hisabati? (Watatu: Vwawa, Iringa mjini, na mmoja hakusema aliko)

Darasa la ngapi? Mada ipi? Vifaa vingapi, na umeme upo? Bila hayo ni sawa na kumuuliza mfamasia dawa nzuri ni ipi. Swali likija hivi tena nitalipita.

Tuna sola, betri ya volti 12 na Ah 100, na inveta. Projekta inazima kipindi cha tatu. Fundi anataka tuongeze paneli. (Makete)

Pigeni hesabu kwanza. Projekta ya taa inakula wati 250 hivi, laptop 40. Kwa kipindi cha dakika 40, ukijumlisha na kinachopotea kwenye inveta, ni kama wati-saa 220. Betri ina 1,200 (volti 12 mara Ah 100), lakini betri ya madini ya risasi, kama za magari, haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mna 600: vipindi viwili na kidogo. Betri mpya iliyojaa ingewafikisha hata cha tano, kwa sababu inveta nyingi hazikati mpaka volti zishuke kwenye 10.5 hivi. Kuishusha kiasi hicho kila siku ndiko kunakoiua.

Sasa, ni betri iliyochoka au ni betri isiyojaa? Jioni chaji ikiisha, chomoeni kila kitu. Asubuhi, kabla ya jua kuipiga paneli, pimeni kwa mita. Ikisoma volti 12.6 au zaidi na bado inazima kipindi cha tatu, imechoka, na paneli kumi hazitaifufua. Ikisoma 12.2, haijai, na hapo fundi ana hoja. Ukungu wa Juni na Julai huko kwenu unabana paneli hadi saa nne asubuhi au zaidi, na baridi nayo inapunguza uwezo wa betri.

Hamkuuliza, lakini nasema: projekta ya kipindi kizima ni maandalizi duni. Dakika 10 za kuonyesha, kisha izimwe, watoto wafanye kazi. Na feni ya projekta iachwe isimame yenyewe kabla ya kukata umeme, la sivyo joto litaimaliza taa.

Nina simu moja na watoto 80 wa darasa la pili. TEHAMA gani hiyo? (Tukuyu)

Ya sauti, na inazidi projekta nyingi ninazosikia zinatolewa siku ya wathibiti ubora tu.

Andaa vifungu vitatu vya maneno 60 hivi ambavyo hamjavisoma darasani. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana simu ikiita katikati rekodi inakatika. Keti na mtoto mmoja mmoja barazani, watoto 10 kwa siku. Siku nane za shule umemaliza. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha, hutasikia kitu. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisipasue sauti. Dakika moja inatosha. Kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama nusu MB, kwa hiyo darasa zima ni MB 40.

Badilisha vifungu kati ya mtoto na mtoto. Wanaosubiri foleni wanakariri kwa masikio. Hesabu maneno aliyosoma sawasawa, andika namba. Kisha kazi yenyewe: mpe ajisikilize, asome tena. Mtoto anayechanganya "l" na "r" anajinasa mwenyewe haraka kuliko ukimkosoa mara kumi. Rudia baada ya miezi miwili, mchezeshee rekodi zote mbili.

Faili lipewe namba ya mahudhurio, siyo jina, na lisifike kwenye kundi la wazazi wala status yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Mzazi amsikie wa kwake tu.

Flashi imetoka steshenari, mafolda yote yamegeuka "shortcut". Nifomati? (Makambako)

Usifomati! Mafaili yapo, yamefichwa na kirusi. Fungua Command Prompt, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` (E ni herufi ya flashi yako), nakili mafaili, futa hizo shortcut bila kuzibofya, kisha pitisha antivirusi. Siku nyingine nenda na memori kadi kwenye adapta yenye kitufe cha kufunga, kikiwa kimefungwa.

Mwalimu mkuu amevifungia vishikwambi vya sensa kabatini visiharibike. (Chunya)

Vinaharibika humohumo. Betri ya lithiamu ikikaa tupu kwa miezi inakufa. Kama lazima vikae, vichajiwe hadi nusu, vizimwe, na viguswe tena kila baada ya miezi miwili. Kisichowaka kikae kwenye chaja saa moja kabla ya kuitwa kibovu. Kilichovimba mpaka kioo kimeinuka kisichajiwe kabisa, na kitolewe kabatini leo.